Madhabahu Upande wa Ebali

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Sikuwa nimelewa, maana pombe siinywi. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyegombana miezi mitano mfululizo na kushinda kila mara. Karibu na mlango kulikuwa na chungu kikuukuu ambacho nilikitafuta siku mbili, kwa kuwa siku hizi kila mtu anapikia sufuria. Nilikuwa nimekifunika kwa jani la mgomba asije mtu akakigusa.

Asubuhi yake, saa moja, wazee wa ukoo wangekuja uani kwangu, na mbele yao ningekivunja chungu kile juu ya jina la mdogo wangu, Aminieli. Kwetu Uchagani, chungu kikivunjwa kwa maneno ya laana, hakuna wa kukiunganisha. Husemwa kwamba aliyelaaniwa huanza kupungua yeye na nyumba yake, mmoja baada ya mwingine. Aminieli ana mke na watoto wanne. Mchungaji aliposikia alikuja kunisihi, nikamwonyesha kwamba Maandiko nayo yana laana, tena zimepangwa kwa orodha, na watu waliziitikia Amina. Akaondoka hajamaliza chai.

Niseme mimi ni nani, msije mkadhani ni mtu wa kuyumbishwa na ndoto. Mimi ni Eliakimu, mtoto wa katikati. Kwa mila yetu mtoto wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati hupewa baraka za mdomo. Kaka yetu mkubwa alipewa shamba la tambarare na huko ndiko aliko hadi leo. Mimi niliondoka na jozi moja ya viatu. Nilikwenda kuvuna nyanya katika nchi ile ambayo wenzangu huisikia kanisani tu. Mchana nilivuna, jioni nilisoma, mpaka nikapata stashahada ya kuongoza wageni, somo langu kubwa likiwa jiografia na historia ya milima ya Biblia. Hakuna ndugu aliyenilipia hata kalamu. Nimewapandisha mahujaji wa kila rangi, maprofesa kati yao, na wakaniuliza maswali nikayajibu. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe ya kuchongwa, ya kwanza katika mtaa wetu, na stashahada iko ukutani sebuleni, ndani ya kioo. Nayasema haya kwa sababu ni ya kweli.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya hatua sita za ardhi.

Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na aliyetulea ni babu yetu Elisaria, mwinjilisti wa kanisa la hapa, aliyefundisha darasa la kipaimara mpaka miguu ikamkatalia. Babu alinihurumia kwa kuwa mtoto wa katikati. Kabla sijasafiri alinigawia sehemu ya chini ya kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba, na ya juu ikabaki ya Aminieli, mziwanda. Mpaka kati yetu ni safu ya masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani usiokauka hata kiangazi kikiwa kikali, na kwetu ndiyo alama ya mpaka. Una kazi nyingine pia, nitaisema ikifika zamu yake.

Babu alifariki nikiwa ng'ambo. Nilimpigia Aminieli nikamwambia, "Msizike, nakuja." Lakini karatasi zangu za safari zilikuwa na matatizo, leo njoo kesho. Walinisubiri siku kumi, kisha wakazika. Aliponipigia kunieleza, nilikata simu. Sikupokea simu yake tena kwa miaka minne.

Niliporudi, kesho yake asubuhi nilikwenda kaburini. Babu amezikwa kihambani, kama ilivyo desturi, upande wa juu wa safu ya masale. Na pale, kichwani pa kaburi, hatua sita kutoka kwenye safu, nikakuta isale moja limesimama peke yake. Nikalitazama kwa jicho la kazi yangu, nikapata jibu papo hapo. Nikawaambia watu: hapa ndipo mpaka wa zamani ulipopita. Huyu bwana ameng'oa masale mengine akayashusha chini, hili moja akalisahau. Kaburi la babu lilikuwa kwangu, amelihamishia kwake.

Aminieli hakubisha. Alisema, "Kaka, muulize mama."

"Sihitaji mama anisomee ardhi," nikamjibu mbele ya watu. "Ardhi ndiyo niliyoisomea."

Basi ndiyo hali niliyolala nayo.

Mara nikawa napanda mlima. Migomba ilikuwa kulia na kushoto, na maji ya mfereji yalikuwa yanashuka kando ya njia, nikajua ninakwenda juu kwetu, kuelekea msituni. Lakini udongo chini ya viatu ulikuwa mweupe, na kila nilipoupita mgomba, nikigeuka nyuma naona mzeituni. Sikushangaa. Nilikuwa nimechoka mno kushangaa. Miguu ilikuwa mizito kama ninayepanda kwa niaba ya watu wengi.

Kwenye kona babu alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevua buti lake moja la mpira, anakung'uta changarawe. Alikuwa na sweta lake la kahawia lenye kiraka cha kiwiko. Nilipomwona nikakumbuka kwamba amekufa, na kukumbuka huko kukapita kama mtu anayepita dirishani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Karatasi, babu. Zilikuwa na matatizo."

"Najua. Nivalishe hili."

Nikapiga goti nikamvalisha buti. Mguu wake ulikuwa baridi na mwepesi. Tukaendelea kupanda, yeye mbele, na nikaona kwamba sasa hatupandi tena kwetu. Tuko Gerizimu. Ninaujua mlima ule kwa magoti yangu, na furaha ya kazi ikanijia, nikaanza kumweleza kama ninavyowaeleza wageni.

Nikamwambia, babu, huu tuliosimama ni Gerizimu, uko kusini. Ule ng'ambo, wenye upara, ni Ebali, uko kaskazini, na umeuzidi huu urefu kidogo. Bonde hili katikati ndilo la Shekemu. Abrahamu alipita hapa. Yakobo alichimba kisima pale bonde linapofungukia mashariki, na kisima kipo, nimeyanywa maji yake. Wana wa Israeli walipoingia katika nchi, makabila sita yalisimama upande huu kwa ajili ya baraka na sita upande ule kwa ajili ya laana. Walawi wakasimama katikati wakasoma, na watu wakaitikia Amina. Nikamweleza kwamba nimejaribu mwenyewe: mtu akipiga kelele huku, wa kule anasikia. Nikamweleza kwa nini Gerizimu una miti na chemchemi, kwamba tabaka za mwamba zimeinama zikayaleta maji upande huu, na Ebali ukabaki na kiu. Nikamweleza habari za Wasamaria waliojenga hekalu lao juu ya mlima huu, likabomolewa na mtawala wa Kiyahudi, na baadaye kabisa Wakristo wakajenga kanisa la pembe nane palepale, nalo likaanguka. Na Wasamaria, wachache mno sasa, bado wanachinja kondoo wa Pasaka hapa juu kila mwaka, moshi unaonekana kutoka mjini.

Babu alisikiliza ameegemea fimbo, amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Na yule kijana aliyepanda hapa akawapigia kelele watu wa mjini?" akauliza bila kufumbua.

"Yothamu," nikasema haraka. "Ndugu zake waliuawa na ndugu yao mwingine. Alisimama kileleni hapa akatamka laana juu ya ndugu yake aliyewaua."

"Hapa. Kwenye mlima wa baraka."

"Ndiyo, babu."

"Hukuona ajabu?"

"Ni swali zuri," nikasema, kama ninavyowaambia wageni. Babu akacheka kidogo, kicheko chake kile cha puani, akaanza kushuka.

Sasa bonde limejaa watu. Ni watu wa kwetu. Akina mama wa kwaya wana miavuli, wanaume wamekunja mikono ya mashati, baba mkubwa yule anayeongoza ukoo ameketi juu ya debe. Babu amesimama katikati na daftari la kipaimara, lile lenye jalada jeusi, anaita majina. Anayeitwa anakwenda upande wake. Hakuna anayeuliza kwa nini. Wengine wanapanda Gerizimu wakizungumza mambo ya mvua, wengine wanapanda Ebali.

"Eliakimu."

"Nipo."

"Gerizimu."

Nilijua. Kifua kikanipanda. Nikawaeleza waliokuwa karibu, kwa sababu jambo hili wengi hawalijui: kati ya wana wa Lea, mzaliwa wa kwanza, Reubeni, na wa mwisho, Zabuloni, waliwekwa upande wa Ebali. Wa katikati wote, Simeoni, Lawi, Yuda na Isakari, waliwekwa upande wa baraka. "Wa katikati!" nikasema. "Mnaona?" Mama mmoja wa kwaya akanitazama akasema, "Haya, Mheshimiwa, tumesikia, lakini unanikanyaga," na wengine wakacheka.

"Aminieli," babu akaita.

Nikamwona mdogo wangu anapanda Ebali peke yake. Ana shati la kazi, mgongoni ana kitu kizito, na mlima ule hauna kivuli hata kimoja.

Babu akasoma. Hakuwa na kitabu, alikuwa na daftari lilelile la majina, lakini maneno yalikuwa ya siku ile ya zamani. Mwenye kumdharau baba yake na mama yake. Watu wakaitika, Amina. Mwenye kuusogeza mpaka wa jirani yake. Hapo nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo nikapiga Amina kuliko wote. Sauti ikavuka bonde, ikapiga Ebali, ikarudi. Lakini iliporudi haikunipita. Ilikuja ikakaa mgongoni kwangu kama mzigo.

"Mwenye kumpoteza kipofu njiani," babu akaendelea, na watu wakaitika. Mimi sikuitika tena. Nilikuwa namtazama Aminieli ng'ambo. Ameshusha mzigo wake. Ni mawe. Anayapanga, anashuka, anachukua mengine, anapanda.

"Anajenga nini?" nikauliza.

Nikamtafuta babu katikati ya bonde nisimwone. Daftari liko juu ya debe la baba mkubwa. Kisha nikamwona: yuko ng'ambo kule, buti zake nyeusi katika vumbi jeupe, amebeba jiwe kifuani, anapanda nyuma ya Aminieli polepole.

Nikashuka mbio. Nilipita kisimani, nikaona watu wamepanga ndoo, kiu ikanishika na sikusimama. Nikaanza kuupanda Ebali. Wageni wangu siwapeleki Ebali. Hawapendi, wala mimi sipendi. Nilikuwa nawaonyesha kwa kidole kutoka upande wa pili, nasema: kule kuna rundo la mawe lililofukuliwa, wako wanaosema ndiyo madhabahu ya Yoshua, wako wanaokataa. Kisha nawapeleka kula. Sasa ninapanda mwenyewe na mlima hauishi. Nilipogusa mwamba ulikuwa wa moto. Nilisikia uchovu wa miaka yote: nyanya, vitabu, mahujaji, mawe ya nyumba yangu. Nikatamani mtu aniambie kaa.

Juu, babu na Aminieli walikuwa wanaweka mawe. Aminieli hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Nikajikuta nina nyundo na patasi, vya mafundi wangu, nikainama kulichonga jiwe moja lililokuwa na pembe mbaya ili likae vizuri.

"Weka chuma chini," babu akasema.

"Lina pembe, babu. Halitakaa."

"Liache lilivyo. Litakaa."

Nikaweka nyundo chini. Nikakumbuka kwamba hilo nalo nililifundisha, mara nyingi, hata kwa maprofesa: mawe ya madhabahu ile yalikuwa mazima, hayakuguswa na chuma. Nilikuwa nikilisema wakati wageni wanafungua chupa za maji.

"Babu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "kwa nini madhabahu iko huku?"

"Wewe ndiye mwenye stashahada."

"Kwenye mtihani niliandika kwamba wataalamu hawakubaliani. Wasamaria wanasema ilikuwa Gerizimu."

"Na mimi nakuuliza wewe."

Nikafikiri. Upepo ulikuwa unapita. Ng'ambo, Gerizimu ulikuwa wa kijani, umejaa watu wenye miavuli, na haukuwa na jiwe moja lililowekwa juu ya jingine.

"Kwa sababu huku ndiko waliko wenye makosa," nikasema.

Babu hakuniambia nimepata wala nimekosa. Alikaa juu ya mawe, akapangusa uso kwa mkono wa sweta. Hapo nikaona kwamba si madhabahu tu, ni kaburi lake, lile la kihambani, na kichwani pake limesimama isale moja, bichi, linameremeta katika mlima ule mkavu.

"Lile," nikasema, nikanyoosha kidole. Hasira ilinirudia kidogo, imechoka. "Lile ndilo mpaka, babu. Mwambie. Sema mbele yake ulipouweka."

"Mpaka ni nini, mjukuu wangu?"

"Ni mstari kati ya ardhi na ardhi."

"Hesabu masale ya mstari huo."

Nikahesabu. "Moja."

"Mstari wa mmea mmoja," babu akasema. "Mtu wa jiografia!"

Akacheka kile kicheko cha puani, na Aminieli naye, bila kugeuka, mabega yake yakatikisika. Ningeweza kukasirika. Nilikaa chini kwenye vumbi. Niliona mashina ya masale ya kwetu, yale ya safu ya chini, manene kama mkono wa mtu mzima, ambayo hakuna aliyeyahamisha tangu sijazaliwa. Na hili hapa, shina lake kama kidole gumba. Nilikuwa nimeviona vyote viwili kwa miezi mitano nikiwa macho.

"Basi ni la nani?" nikauliza. "Nani alilipanda?"

"Mimi nilikuwa chini," babu akasema. "Waulize waliokuwa juu."

Jua likawa linashuka, au ukungu ulikuwa unapanda kutoka msituni kwetu, sijui. Watu wa Gerizimu walikuwa wanatawanyika, nawasikia wakiagana. Babu alianza kuvua buti tena. Nikataka kumsaidia, akaniashiria nisisumbuke.

"Babu, mimi nilitaka tu kuwa karibu na wewe," nikasema. "Sikukuona ukienda. Nilitaka nawe uwe upande wangu."

Akaliweka buti kando. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote, pamoja na pumzi iliyokuwa kati yake.

"Mwambie Aminieli siku kumi zilinitosha. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kulala."

Nikaamka. Viatu vilikuwa miguuni na vidole vimekufa ganzi. Nje kulikuwa kunapambazuka, na jogoo wa jirani alikuwa ameshaanza. Chungu kilikuwa palepale mlangoni. Nilikitazama, nikakiruka nikatoka.

Sitaficha kwamba njiani niliwaza kuutunza ujumbe ule. Ningeweza kuwarudisha wazee kwa neno moja, kwamba nimesamehe, na mtaa mzima ungenisifu kwa moyo mkubwa. Hakuna aliyeiona ndoto ila mimi. Siku zile kumi ndizo nilizozitumia miaka minne kumwadhibu mdogo wangu. Nikitoa ujumbe, ninabaki na nini mkononi?

Mama alikuwa jikoni kwake anawasha moto. Nilisimama mlangoni.

"Mama, isale lile kaburini kwa babu nani alilipanda?"

Akaendelea kupuliza kuni mpaka zikashika. Ndipo akasema, "Miezi mitano. Nilikuwa najiuliza kama nitakufa hujaniuliza."

Sasa ndipo zamu ya ile kazi nyingine ya isale. Kwetu mtu akikukosea, akataka msamaha wa kweli, hukujia na jani la isale mkononi. Hahitaji maneno mengi. Na ukiletewa isale hukatai. Ukikataa, kosa lote linahamia kwako.

"Wiki ile baada ya mazishi mwenzio alikuja hapa na jani," mama akasema. "Akasema, mama, kaka hapokei simu, nimemzika babu bila yeye, mtunzie hili mpaka arudi. Nikamwambia, mwanangu, jani litakauka, kaka yako hajulikani atarudi lini. Kata na shina lake, tulipande kwa babu yenu. Atalikuta bichi. Tukalipanda pamoja."

"Mbona hukuniambia?"

"Siku uliyofika si nilikushika mkono? Nikakwambia kuna kitu chako shambani. Ukasema, subiri mama, nimalizie kuwaeleza hawa wageni urefu wa mlima."

Nilikumbuka. Ulikuwa urefu wa Ebali.

"Na yeye? Alikuwa na mdomo."

"Ulimwita mwizi kabla hajaufungua. Akaniambia, mama, siwezi kumweleza mtu kwamba hiki ni msamaha wangu, naye amekishika anasema ni ushahidi. Akaninyamazisha na mimi." Akanitazama mavazi, akatazama viatu. "Umelala hivyo? Kaa unywe uji."

Sikukaa. Nilipitia kaburini. Isale lilikuwa na umande. Nilikata jani moja kwa mkono, bila kisu, nikaenda nalo.

Aminieli alikuwa nyuma ya banda anamkatia ng'ombe majani. Aliponiona akasimama wima na mundu mkononi. Nadhani alifikiri nimekuja kumwita kwenye chungu. Kisha akaona jani. Akaweka mundu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, pande zote mbili, akalipokea.

"Mama amekwambia," akasema.

"Mama amenieleza. Lakini aliyenituma kwa mama ni babu. Amenijia usiku huu."

Uso wake ukabadilika. Si kwa furaha. "Wewe?" akasema. "Mimi ndiye niliyemwosha, kaka. Nilimvisha soksi kwa mikono hii. Nilikaa na maiti siku kumi nikiwaambia wazee, bado, kaka anakuja, na watu wananisengenya. Hajanijia hata siku moja. Miaka minne nalala nikisema labda leo. Amekujia wewe?"

Nikamsimulia, kwa kifupi, ile milima miwili, na jinsi nilivyopewa upande wa baraka, na jinsi nilivyomtafuta babu bondeni nisimwone. "Hakukaa kwangu," nikamwambia. "Alikuwa upande wako, Aminieli. Alikuwa anabeba mawe nyuma yako. Hukugeuka tu ukamwona."

Alikuwa ananitazama mdomoni, kama anayeogopa kwamba nimemaliza.

Wazee walikuwa wanapanda njia, nilisikia kikohozi cha baba mkubwa. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka kwenye mashamba ya nyanya.

"Alinipa neno lako," nikasema. "Alisema siku kumi zilimtosha. Alikuwa amechoka. Alitaka kulala."

Aminieli alikaa juu ya fungu la majani aliyokuwa ameyakata. Jani la isale lilikuwa magotini. Ng'ombe alinyoosha shingo, akalinusa, akaliacha.

"Sema tena, kaka," akasema.

Nikasema tena.